Nambari Iliyoungua na Kitabu

Atija mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, sitazirudia. Wewe na mama yako mmekwenda kwa shangazi yako Rabia kuaga, nami nikasema kichwa kinaniuma, nikabaki. Kichwa hakiniumi. Nilitaka nyumba iwe tupu niandike haya, kwa sababu mdomoni yamenishinda. Tangu juzi kila nikianza kukwambia naishia kuuliza kama nguo umeshapiga pasi.

Mambo ya sanduku, vidonge vya malaria na nani atakupokea Maputo, mama yako ameyasema na atayasema tena kesho mpaka gari liondoke. Mimi siongezi kitu hapo.

Nianze na hasira, maana ndiyo niliyo nayo. Ukiisoma barua hii ukadhani aliyeiandika ametulia, utakuwa umedanganywa. Nina hasira kwamba unaondoka. Si kwamba binti hafai kuondoka kwao, hilo nimeshalivuka. Hasira yangu ni juu ya neno moja kwenye mkataba wako. Ulinisomea mwenyewe miaka miwili iliyopita, umekaa mkekani na kompyuta mapajani: mfanyakazi atafanya kazi akiwa mahali popote. Ukacheka. Ukasema, "Popote, papá. Hata hapa." Mimi nikakujibu kwamba hakuna kazi isiyo na mlango, ukaniona mzee asiyejua dunia ilipofika.

Na kweli ukaifanya hapa hapa. Umekaa katika chumba chenye dirisha moja ukiandika programu za serikali pamoja na watu ambao wengine walikuwa hawajalisikia jina la mji wetu mpaka walipokusikia wewe ukilitaja. Umeme ukikatika unatumia betri ya sola. Mtandao ukikatika unabeba kompyuta kwenye mfuko wa mchele ili isionekane, unakwenda kukaa karibu na mnara wa simu, jua likikuchoma, unamaliza sentensi uliyoianzia nyumbani. Nimekuona ukilia kwa hasira, mtu mzima, kwa sababu faili moja limefika nusu limegoma. Halafu mwezi uliopita dona Ivone, msimamizi wako, ambaye mwenyewe unasema ni mtu mwema nami sina sababu ya kukataa, akakwambia kwa upole kwamba katika mikutano unapotea kila mara, kazi za wenzako zinakungoja wewe, na imeamuliwa kila mtu awe penye mtandao wa uhakika. Uhamie Maputo, au nafasi apewe mwingine.

Kumbe popote ni popote, isipokuwa kwetu.

Nimeigeuza sentensi hiyo kichwani mwezi mzima kama mtu anayetafuna mchanga. Mfumo mnaoutengeneza ni wa kuandikisha watu: vizazi, ndoa, vifo. Utaletwa katika ofisi yangu. Utatumika na mimi, kwa watu wa hapa. Na mtu pekee kati ya wanaoutengeneza anayewajua watu wa hapa anaambiwa ahame hapa ili aweze kuutengeneza. Nikimweleza mama yako ananiambia nipunguze sauti.

Lakini hasira hiyo ni ya juu juu. Chini yake ipo nyingine, nayo ni juu yangu mwenyewe, na ndiyo iliyonikalisha mezani.

Unaikumbuka siku ya mtihani wako wa kazi? Walikupa saa tatu za kuandika programu wakikutazama, na walisema mtandao ukikatika mtihani umekwisha. Ofisini kwetu walikuwa wametuwekea mtandao wa setilaiti wiki chache tu nyuma. Ukaja mpaka kwenye kaunta, ukasubiri zamu yako kama watu wengine, ukaniuliza kwa sauti ndogo kama ungeweza kukaa stoo, pale tunapoweka makaratasi, kwa saa hizo tatu. Nikakujibu kwa sauti kubwa, watu wasikie, kwamba mtandao wa serikali si wa familia ya karani. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akatikisa kichwa kunisifu. Nami nikasifika.

Ulikwenda kuufanya mtihani umekaa kwenye tofali nje ya uzio wa ile nyumba ya wageni wanapolala mafundi wa mradi wa gesi wa Afungi. Nimekuja kulijua hilo baadaye, kutoka kwa mlinzi wa pale, Mmakonde wa Diaca. Aliniambia alikuona umeinama juu ya mashine, akakuletea kiti chake. Jua lilipogeuka akafungua mwavuli wa bosi wake akausimika kwenye uzio nyuma yako, na yeye akasimama saa zilizobaki. Hakukujua. Aliniuliza, bila ubaya wowote, kama wewe ni yatima.

Nilijiambia kwamba nilikuwa nafuata sheria. Ukweli ni kwamba nilitaka ushindwe. Nilitaka ufanye mtihani wa ajira za serikali, upewe meza, upewe muhuri, uitwe senhora. Nilitaka uwe mimi, ila kwenye kiti kizuri zaidi. Sheria niliichukua kwa sababu ilikuwa karibu na mkono. Hilo nililifanya kwako, na ukanisamehe bila kuniambia umenisamehe. Wapo niliowafanyia kubwa zaidi.

Habari za mtu aliyekamatwa njiani kwa kukosa karatasi unazijua nusu, kwa sababu ulinisikia nikizitaja mwaka jana mbele ya wenzako. Sasa sikiliza nusu ya pili.

Tuliporudi baada ya kukimbia waasi, wewe ukiwa bado Pemba kwa ajili ya shule, niliingia ofisini siku ya kwanza nikakuta kuta nyeusi na kabati la vitabu limefunguka lenyewe kwa moto. Vitabu vya vizazi, vya ndoa, vya vifo, vingine vimeandikwa na makarani waliokufa kabla sijazaliwa, vyote vimekuwa bonge moja la majivu lililolowa mvua. Miaka kumi na tisa ya mwandiko wangu ilikuwa humo. Nilisimama nikikanyaga majina ya watu.

Na watu wenyewe walikuwa wanarudi bila kitu. Aliyekimbia usiku na watoto hakumbuki cheti. Wakaanza kuja kaunta wakitaka nakala, na fomu ya kuomba nakala ilikuwa inataka jambo moja kabla ya yote: nambari ya usajili wa kwanza. Nambari hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye cheti kilichopotea na kwenye kitabu kilichoungua, basi. Nikawa nawaambia: lete nambari. Mtu anakwenda, anarudi, namwambia: lete nambari.

Njia nyingine ilikuwepo, Atija. Waraka ulikuwa umeletwa, nimeusoma mara mbili. Ulisema mahali ambapo vitabu vimeteketea, mtu aandikwe upya kwa kiapo cha mashahidi wawili, na kila ombi liidhinishwe na mkuu wa ofisi. Mkuu wetu, senhor Artur, alikuwa ameletwa kutoka kusini miezi michache tu nyuma, mtu wa maneno machache, na ofisini walikuwa wanasema hapendi kusumbuliwa. Kumpelekea ombi la kwanza kulimaanisha kubisha mlango wake, kueleza, pengine kuulizwa nani kanituma. Nikauweka waraka kwenye droo. Nilimwogopa. Nimetafuta neno zuri zaidi la kuweka hapo, sikulipata.

Ndipo alipokuja mama mmoja wa Quiterajo, Muanaiche Bacar. Mumewe Anlaue alikuwa fundi mwashi, ameahidiwa kazi na mkandarasi wa Afungi, ila alitakiwa awe na bilhete, na kitambulisho hicho hakitoki bila cheti cha kuzaliwa. Anlaue mwenyewe alikuwa Diaca akilima kibarua ili watoto wale, kwa hiyo mke ndiye aliyekuwa akinijia. Mara ya kwanza alikuja na maneno ya adabu. Mara ya pili alikuja na barua ya mkuu wa mtaa. Mara ya tatu alikuja na wazee wawili wa Quiterajo waliokuwepo Anlaue alipozaliwa, mmoja akitembelea fimbo, wametoka kambi ya waliohamishwa kwa miguu. Hakuna aliyemwambia habari za mashahidi. Alizifikiria mwenyewe, kwa akili ya kawaida, zilezile zilizoandikwa katika waraka uliokuwa umbali wa kiganja kutoka kwenye goti langu.

Nikawaambia wazee wakapumzike, hawahitajiki. Nikamwambia yeye: lete nambari.

Hakupiga kelele. Aliweka mikono yote miwili juu ya kaunta akasema, "Bwana karani, nambari ilikuwa kwenye kitabu, na kitabu mlikuwa nacho ninyi. Sisi hatukukichoma."

Nikamjibu, "Sheria si yangu, mama. Mimi naandika tu."

Wiki haikuisha. Anlaue akiwa anarudi kutoka Diaca alisimamishwa njiani akaulizwa karatasi. Mwanamume wa umri ule, wa kutoka upande ule, hana karatasi yoyote, katika siku zile. Unajua ilivyokuwa ikichukuliwa: huyo ni muasi. Walimshikilia zaidi ya mwezi.

Muanaiche akaja mara ya nne. Sikuwa na habari, nikaanza kumwambia yale yale. Akaningoja nimalize, kisha akanieleza mumewe yuko wapi na kwa nini. Hakuomba kitu. Alisema amekuja nijue tu, akaondoka, na aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akasogea mbele.

Nilifunga kaunta. Nikatoa waraka kwenye droo nikabisha mlango wa senhor Artur. Aliusoma amesimama, akaniuliza mashahidi wapo, nikasema wapo. Akaidhinisha pale pale, akapiga muhuri. Kahawa yake haikupata kupoa. Akaniuliza, "Mbona hukuniuliza?" Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Angenifokea ningepona.

Anlaue alitoka baada ya karatasi kumfikia. Mkono wake wa kulia haukunji tena vidole vizuri, na mwashi asiyeshika mwiko si mwashi. Kazi ya Afungi ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine. Sasa anawasukumia wenzake maji na mchanga kwenye toroli. Nikimwona njiani nataka kuvuka upande wa pili, lakini yeye hunisalimia kabla sijavuka, ananiuliza habari za nyumbani. Mkewe hanisalimii. Kwa mkewe napumua.

Tangu siku ile nimewaandika wengi kwa kiapo cha mashahidi, na kila mmoja niliyemwandika amenikumbusha kwamba iliwezekana tangu mwanzo. Mtu akinishukuru naona haya.

Sasa utaelewa kilichotokea mwaka jana, Ijumaa ile niliyotoka msikitini nikakukuta unanisubiri kwa furaha. Ulisema, "Papá, njoo uone ofisi yako itakavyokuwa." Ukanifungulia fomu. Ilikuwa nzuri, sikatai: safi, maandishi makubwa, Kireno chake kinaeleweka na mtu wa darasa la saba. Ukaandika jina la kubuni, jina la mama, kijiji. Macho yangu yakashuka mpaka kwenye kisanduku kilichoandikwa nambari ya usajili wa kwanza, na pembeni yake nyota ndogo nyekundu. Nikakuuliza nyota hiyo ni ya nini. Ukasema maana yake ni lazima. Nikakuuliza, na asiye na nambari? Ukasema mfumo hauhifadhi, ukabonyeza ili nione, na yakatokea maneno mekundu: jaza sehemu hii.

Nikakuuliza nani kaweka. Ukasema, "Si mimi, papá. Wao wanaleta mahitaji, mimi naandika programu tu."

Wewe ulisema hivyo, mwanangu, na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako, yenye miaka ishirini na minne na meno meupe. Nikasimama. Nikakwambia unatengeneza kitu kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kupoteza chochote. Nikatoka nje, nisikueleze. Wiki nzima nilikujibu kwa ndiyo na hapana. Ulidhani ninaidharau kazi yako. Nikakuacha udhani, maana kukueleza kungetaka nimtaje Muanaiche. Hilo nalo liandike kati ya makosa yangu.

Na wewe, bila kuelezwa, ukalipeleka jambo kwa wenzako. Ukasema: huku kwetu vitabu viliungua, ondoeni ulazima huo au wekeni njia ya mashahidi. Wakakujibu kwamba hilo ni jambo la nadra. La nadra! Wangekuja kukaa kaunta yangu asubuhi moja wangetafuta mwenye nambari kwa tochi. Ukabishana nao mpaka wakakubali unilete kwenye mkutano, niseme kama karani wa mahali penyewe.

Nilivaa shati la Idi. Mama yako alitundika khanga ukutani nyuma yangu ili bati lisionekane. Nikaona nyuso sita katika vijidirisha, dona Ivone akanikaribisha, nami nikawasalimu mmoja mmoja kwa Kireno changu cha ofisi. Kisha nikasema. Nilieleza moto, kabati, majivu. Nikaeleza habari za fundi mmoja aliyekamatwa njiani kwa sababu alinyimwa cheti. Ona nilivyosema: alinyimwa. Kiswahili kina namna ya kulisema tendo bila kumtaja aliyelitenda, Kireno nacho kinayo, na siku ile nilizitumia zote mbili. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nilikuwa nimefika pale pa mkono usiokunja vidole uliponigusa ukaniambia polepole, "Papá, umekatika zamani."

Dona Ivone alikuwa ameganda mdomo wazi. Nilikuwa nahutubia picha.

Mtandao uliporudi, dakika zetu zilikuwa zimekwisha na walikuwa na mkutano mwingine. Walichokipata ni salamu. Walinishukuru sana kwa salamu. Ulianza kucheka, ukauona uso wangu, ukaacha. Jioni hiyo uliandika yote niliyosema, ukiniuliza neno kwa neno, ukayatuma. Jibu lilikuja baada ya majuma mawili: ni hoja muhimu, itaangaliwa katika awamu ya pili.

Awamu ya pili, Atija, ndiyo droo yangu. Wameipa jina zuri zaidi, basi.

Ndiyo maana sikukuzuia uliponiambia unahama, ingawa mama yako alitegemea nikuzuie. Kama ni lazima uwe chumbani mwao ndipo wakusikie, kakae chumbani mwao. Sitaacha kukasirika kwamba ni lazima. Nakuomba kitu kimoja tu, nacho hakinipi raha kukisema kwa sababu mimi sikukifanya: usimjibie mkuu wako moyoni mwako kabla hujamuuliza. Mimi nilimjibia senhor Artur miezi mingi. Nilimpa sauti kali, nikampa dharau, nikamfanya akatae, na mtu mwenyewe yupo upande wa pili wa ukuta anakunywa kahawa. Na siku utakayochoka, maana utachoka, ukasikia ulimi unataka kusema mimi naandika tu, nyamaza kwanza, uone kama neno hilo litapita lenyewe.

Limebaki moja. Nimelizunguka kurasa zote hizi.

Kitabu chenye jina lako nacho kiliungua.

Ulikuwa Pemba, bilhete yako imekwisha muda, chuo kinataka cheti ndani ya siku chache ili wakuandikishe. Ilikuwa wiki ya kwanza tu ya kufungua ofisi, kabla sijamjua Muanaiche, kabla sijamwambia mtu yeyote alete nambari. Sikutafuta mashahidi. Sikubisha mlango wa mtu. Nilikaa nikaandika cheti chako, na penye nambari nikatunga nambari, inayofanana na za mwaka uliozaliwa. Nikakichomeka katikati ya rundo la karatasi za kutiwa sahihi. Senhor Artur akazitia zote bila kuzisoma. Ndicho kilichokupa bilhete, chuo, na kazi hii.

Kwa hiyo nilipomwambia yule mama kwamba sheria si yangu, nilikuwa nimeshaivunja kwa ajili ya mwanangu. Hata kuvunja si neno. Waraka ungeniruhusu kukuandika kwa haki. Nilichagua uongo kwa sababu uongo haukuhitaji nimuombe mtu. Na tazama: fomu yako yenye nyota nyekundu ingekipokea cheti changu cha uongo bila swali, maana kina nambari. Wazee wawili wa Quiterajo, mmoja na fimbo yake, ingewarudisha.

Jumatatu nilikwenda kwa senhor Artur nikamweleza. Nilisimama, sikukaa. Aliizungusha kalamu, kisha akasema itambidi anifungulie shauri la nidhamu, na huenda nikanyang'anywa muhuri. Nikamwambia naelewa. Nikamwomba jambo moja, uandikwe upya kwa njia iliyo sawa. Jumatano shangazi yako Rabia na Bibi Fátima, mkunga aliyekupokea, wakaja wakaapa kwamba ulizaliwa, wapi, lini, na nani. Bibi Fátima aliongeza kwamba ulilia kabla hujatoka mzima. Senhor Artur akasema hilo haliandikwi.

Mama yako hajui. Nitamwambia mkirudi, kabla hamjala, na najua hatutakula.

Cheti kipya nimekikunja ndani ya barua hii. Penye nambari pana mstari, na chini yake maneno: kwa kiapo cha mashahidi. Kile cha zamani nimekirudisha. Ukifika Maputo itabidi uende na hiki ukairekebishe bilhete yako, usimame kwenye foleni, ueleze kwa watu wasiokujua kosa la baba yako. Pengine utachelewa kazini wiki ya kwanza, utakuwa na hasira nami, na utakuwa na haki. Sikuwa na njia ya kuliweka sawa bila kukuharibia siku chache. Ningekuwa nayo ningeitumia.

Lakini kabla hujakipeleka huko, nenda nacho kazini. Siku utakayokaa nao chumba kimoja, mtandao haukatiki, wafungulie fomu ile kwenye kompyuta ya majaribio. Usiwaeleze kitu. Weka cheti mezani, uandike jina lako, Atija Momade, jina la mama yako, mji wetu. Ukifika penye nyota pawe tupu, kama palivyo kwenye cheti, kisha ubonyeze, nao wasome wenyewe kitakachoandikwa.

Ni mimi baba yako,
Momade